Huzuni ya Kijana Si Upungufu wa Imani

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na dawa yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baada.

Ndugu zetu Waislamu, mwaka jana, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, alitujia baba mmoja katika watu wa mji huu, akaketi nasi barazani mpaka watu wakapungua, ndipo akasema lililomleta. Alisema kwamba mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 16, aliyekwisha kuhifadhi juzuu nane za Qur'ani, sasa ni mwezi wa tatu hashiki msahafu. Hali pamoja na wenziwe, halali usiku, na asubuhi haamki. Akiulizwa neno hujibu kwa ukali, naye hakuwa na ukali. Shuleni ameshuka, na mpira aliokuwa akiupenda ameuacha. Baba akatuuliza: "Masheikh zangu, huyu amepagawa, au imani imemtoka, au nimpige?"

Nasi tukamjibu. Tulimwambia asimpige, na hilo tulipatia. Walakini tulimwambia vilevile kwamba kijana huyo moyo wake umeghafilika, basi na ahimizwe sala tano kwa jamaa na nyiradi za asubuhi na jioni, na Mungu akipenda atatengenea. Baba akashukuru, akaenda zake. Tulidhani tumetoa nasaha, kumbe tumemtwika mgonjwa mzigo juu ya mzigo. Hazikupita wiki nyingi ila mama yake aliona mambo chumbani mwa mwanawe yaliyomjulisha kwamba mtoto ameazimia kujitoa roho. Lau si rehema ya Mola, kisha jicho la mama, leo tungekuwa twaandika taazia. Baadaye kijana mwenyewe alisema kwamba lililomvunja zaidi ni maneno yale yaliyoletwa nyumbani kutoka kwetu. Kwani alikuwa akisali. Alikuwa akisali na haonji kitu katika sala, na aliposikia kwamba masheikh wamesema moyo wake umeghafilika, aliona basi hata kwa Mungu hana mahala.

Twalieleza hili kwa idhini yake na ya wazazi wake, wala hatutaji jina. Kosa lilikuwa letu, na mwenye kukosea mbele ya mtu katika jambo la dini yampasa kurekebisha mbele ya watu. Ukurasa huu ni sehemu ile ya jawabu tuliyoipunguza usiku ule.

Wazee wetu walikuwa na neno, jitimai, kwa huzuni ikaayo moyoni ikamla mtu ndani kwa ndani. Waandishi wa siku hizi huyaita maradhi haya sonona. Si huzuni ya siku moja. Kila mwana wa Adamu huhuzunika. Mtoto akianguka mtihani, au akifiwa na bibi yake, au akitengwa na rafiki, hulia kisha hutulia. Sonona ni pale huzuni, au kule kutotamani kitu chochote, kunapomshika mtu kutwa, takriban kila siku, kwa muda wa wiki mbili na zaidi, mpaka yakaharibika masomo yake na usingizi wake na chakula chake na mazungumzo yake na watu. Wako wanaolala mno, na wako wasiopata usingizi kabisa. Mwili huwa mzito, fikra hazikusanyiki, na nafsi humwambia mwenyewe kwamba hafai kitu, na kwamba watu wake wangepumzika lau asingekuwako.

Na hapa pana jambo linalowapoteza wazazi wengi. Mtu mzima mwenye maradhi haya mara nyingi huonekana ana huzuni. Kijana huenda asionekane na huzuni hata kidogo. Huonekana na hasira. Hubamiza mlango, humjibu mama yake, hukasirishwa na neno dogo kama "njoo ule". Au hulalamikia tumbo na kichwa kila asubuhi ya kwenda shule, na akipimwa halionekani jambo. Msichana aliyekuwa akijipenda huvaa dera moja siku nne, nywele hazichani, na simu za shoga zake hapokei. Mvulana huanza kutafuna muguka, au huingia katika kitu kibaya kuliko hicho, na watu wakasema ameharibiwa na marafiki. Huenda ni kweli. Walakini huenda pia alikuwa akitafuta cha kumnyamazishia nafsi yake, na hapana aliyemuuliza.

Hatusemi kwamba kila kijana mkali ni mgonjwa. Ujana una ukali wake, na Mungu atusamehe sisi tulivyokuwa. Twasema: tazama mabadiliko. Mtoto uliyemlea wamjua. Akigeuka akawa mtu mwingine, na hali hiyo ikadumu, usiiite tabia mbaya kabla hujauliza.

Shirika la Afya la Ulimwengu limehesabu kwamba katika kila vijana 7 wa umri wa miaka 10 mpaka 19, mmoja ana maradhi fulani ya akili, na sonona ni katika yale yaliyo makubwa. Na katika watu wa umri wa miaka 15 mpaka 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo ulimwenguni. Basi mwalimu mwenye wanafunzi 35 chuoni mwake na afikiri: kwa kadiri ya hesabu hiyo huenda watano katika wale walioketi mkekani mbele yake wamebeba jambo, naye ameshika bakora awauliza kwa nini hawakuhifadhi.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka wa 322 Hijria, yaani 934 Miladia, aliandika kitabu cha kutengeneza miili na nafsi, akaigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa na kupotelewa, na ile inayomjia mtu bila ya yeye kujua imetoka wapi. Hii ya pili aliinasibisha na mwili, akasema itibiwe kwa tiba ya mwili pia. Na hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka wa 1284 ilikuwa na mahala pa wagonjwa wa akili, wakihudumiwa kama wenye homa na wenye majeraha. Sisi leo twalitumia jina la hospitali ya wagonjwa hao kutukanania watu, kisha twashangaa kwa nini mzazi aona haya kumpeleka mwanawe huko.

Turejee kwenye neno lile la imani, kwani ndipo tulipokosea. Je, huzuni nzito ni alama ya imani haba? Nabii Yaaqub alilia kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani yataja hayo katika Sura ya Yusuf, aya ya 84. Wanawe walimlaumu, Mola wake hakumlaumu. Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na Bibi Khadija na Abu Talib katika mwaka mmoja, mwaka huo umeitwa na wanavyuoni Mwaka wa Huzuni mpaka leo. Na katika dua alizokuwa akikithiri kuziomba, kama alivyopokea Bukhari kwa Anas, ni kujikinga kwa Mungu na hamu na huzuni. Mtu hujikinga na linalomfika. Lau huzuni ingekuwa haimgusi mwenye imani, dua hiyo ingekuwa ya nini?

Walakini dalili iliyo kubwa kwetu, na ambayo twaona haya kwamba tuliisoma miaka mingi bila ya kuizingatia, ni ile iliyomo katika Sura ya Maryamu kuanzia aya ya 23 mpaka ya 26. Mtazameni Bibi Maryamu. Ni kijana, yuko peke yake, mbali na watu wake, uchungu wa kuzaa umempeleka kwenye shina la mtende, na mbele yake yamngoja maneno ya mji mzima. Akasema laiti angalikufa kabla ya haya, akawa kitu kilichosahauliwa kabisa. Neno hili amelisema mwanamke aliyeteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu. Mwenyezi Mungu amelihifadhi ndani ya Kitabu chake, twalisoma katika sala, wala hakumkemea kwalo. Hakumwambia kwamba imani yake imepungua.

Alijibiwa nini? Wafasiri wamekhitalifiana, kwamba aliyemwita kutoka chini yake alikuwa Jibrili au ni mtoto wake Isa, na kwa jambo letu hapana tofauti. Aliambiwa kwanza asihuzunike. Kisha akaonyeshwa kijito cha maji chini yake. Kisha akaambiwa alitikise shina la mtende limwangushie tende mbivu. Na hapa tuketi kidogo. Mtende hautikiswi na mwanamume mwenye nguvu, sembuse mwanamke aliye katika uchungu. Hakutakiwa kuuangusha, alitakiwa anyooshe mkono tu, na Mola wake akafanya yaliyobaki. Ndivyo kijana mwenye jitimai atakiwavyo: jambo dogo ambalo mkono wake waweza kulifikia leo, kama kuoga, au kufika mlangoni, au kutembea na babake mpaka pwani na kurudi, si kurejea kwenye juzuu nane kwa siku moja. Kisha aliambiwa ale, na anywe, na jicho lake lipoe. Na mwisho akapewa ruhusa ya kutosema na watu: akimwona mtu, aashirie kwamba ameweka nadhiri ya kunyamaza. Mzigo wa kujieleza uliondoshwa juu yake. Ni nyumba ngapi zetu ambamo mgonjwa kama huyu huitwa sebuleni, mbele ya ami na shangazi na jirani, akaulizwa: "Kwani wewe wakosa nini? Chakula wala, nguo wavaa!"

Sasa tuseme juu ya waganga, na tutasema kidogo kwa kuwa tumesema mengi zamani. Sisi hatukanushi kuwako kwa majini; wametajwa katika Qur'ani. Wala hatukatazi mzazi kumsomea mwanawe Fatiha na Mu'awwidhatayni kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ni Sunna na ina faraja. Tunalokanusha ni biashara. Msichana amelala siku ishirini hana raha, apelekwa akapungwe pepo. Yatakiwa mbuzi wa rangi fulani, na manukato, na fedha, na ngoma ya usiku kucha, na kumtaka msaada asiyekuwa Mungu, na hiyo ni shirki isiyo na shaka. Asipopona, yasemwa pepo ameongezeka, na bei yaongezeka. Na wako wengine, nao twawataja kwa sababu wanavaa kilemba kama sisi, wafungao mlango na kumpiga mgonjwa kwa fimbo wakidai wampiga jini. Anayelia ni mtoto wa watu. Khasara kubwa ya haya yote, mbali na dini na mali, ni wakati. Miezi mitatu, minne, yapita huku maradhi yakizidi, na mgonjwa akifundishwa kwamba kilicho ndani yake ni kiovu.

Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Hakuyatoa maradhi ya moyo wenye huzuni katika kauli hiyo. Na Bibi Aisha alikuwa akiamrisha mgonjwa na mfiwa wapikiwe talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa alivyosikia kwa Mtume kwamba huupumzisha moyo na kuondosha baadhi ya huzuni. Hatusemi uji ni dawa ya sonona. Twasema Mtume aliiona huzuni kuwa jambo la kuhudumiwa jikoni na kitandani, si la kuhojiwa tu.

Basi mzazi na aanze kwa kuuliza, na aulize kama Mtume alivyomuuliza Abu Umayr. Huyo alikuwa mtoto mdogo, nduguye Anas, aliyefiwa na kidege chake. Mtume alimwona amehuzunika, naye ana dola ya kuendesha na vita na wajumbe, akamuuliza khabari ya kidege. Kuuliza kwenyewe ni faragha, mkiwa wawili, njiani au mkipepeta mchele, bila ya kumtumbulia macho. "Mwanangu, naona siku hizi huna raha, nami sikukasirikii, nataka kujua." Akinyamaza, nyamaza naye, na kesho uliza tena. Akisema, usimkatize kwa mawaidha, wala usimwambie wewe ulipokuwa rika lake ulikuwa ukichota maji kisimani. Twaogopa sana maneno hayo ya kisima. Tumeyasema sisi wenyewe mara nyingi.

Na ikiwa wamwogopea kwamba afikiri kujidhuru, muulize waziwazi: "Je, hukujia fikra ya kutaka kufa?" Wazazi wengi huona kwamba kuuliza hivyo ni kumtia fikra hiyo kichwani. Si hivyo. Wajuzi wa maradhi haya wamelichungua jambo hili, wakaona kwamba kuuliza hakumtii mtu fikra, bali mara nyingi humpunguzia, kwani amepata wa kumwambia. Akikujibu ndiyo, usipige ukelele wala usimsomee adhabu. Mshukuru kwa kukwambia. Usimwache peke yake. Dawa zote za nyumbani, na sumu za panya na za mashamba, na kila kitu cha hatari, kifungie au kitoe nyumbani siku hiyohiyo. Kisha mpeleke hospitali. Usiku ukiwa mkubwa na huna wa kumuuliza, iko simu ya bure ya watoto, namba 116, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, namba 1199.

Huko hospitali atapata nini? Mara nyingi huanza kwa mazungumzo na mjuzi, wiki baada ya wiki, akafundishwa kuzitambua fikra zinazomdanganya na kurejea kidogo kidogo kwenye mambo aliyoyaacha. Maradhi yakiwa mazito huongezewa dawa. Dawa hizi si za kulevya, wala si aibu, wala hazifanyi kazi kwa siku moja. Huchukua wiki kadha mpaka nafuu ionekane, na katika wiki za mwanzo kijana yapasa aangaliwe kwa karibu zaidi. Zisikatwe ghafula kwa kuwa amecheka siku mbili. Wengi wametuuliza juu ya Ramadhani. Baadhi ya dawa hizi hunywewa mara moja kwa siku, na daktari aweza kuipanga saa yake wakati wa kufuturu au wa daku. Na daktari akisema saumu itamdhuru, basi ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Baqara, aya ya 184, na haikusema mgonjwa wa mwili peke yake.

Kulikuwa na khofu nyingine iliyowazuia watu, nayo ilikuwa ya haki. Sheria ya jinai ya Kenya, kifungu cha 226, ilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosa wa kushitakiwa, na kwa ajili hiyo jamaa walikuwa wakificha, au wakidanganya hospitali. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Basi mzazi asimfiche mgonjwa wake kwa kuogopa polisi.

Kujiua ni haramu, na hapana mwanachuoni atakayesema vinginevyo. Walakini soma aya ya 29 ya Sura ya Nisaa mpaka mwisho wake: baada ya katazo yafuata kwamba Mungu ni mwenye kuwahurumia. Na katika Sahihi ya Muslim imo khabari ya mtu aliyehama pamoja na Tufayl bin Amr kwenda Madina, akaugua huko, subira ikamwishia, akaidhuru mikono yake mwenyewe hata akafa. Tufayl akamwota yuko katika hali njema, ila mikono ameifunika. Mola wake alimsamehe kwa hijra yake, walakini hakukitengeneza kile alichokiharibu kwa mikono yake. Mtume aliposikia ndoto hiyo hakunyamaza, wala hakusema ndilo alilolitaka mwenyewe. Alimwomba Mungu aisamehe na mikono yake pia. Na wanavyuoni walio wengi wamesema kwamba aliyekufa hivyo husaliwa na kuzikwa na Waislamu. Basi nyumba iliyofikwa na msiba huo na iendewe kama inavyoendewa nyingine. Tumeona hapa mjini khitma ambayo watu walipita njia ya nyuma wasionekane, na mama mfiwa akihesabu viatu mlangoni.

Kijana yule sasa ana miaka 17. Dawa bado anakunywa, na kila wiki mbili huenda kuzungumza na mtaalamu wake. Babake humsindikiza na kumngoja nje. Tulikwenda kumwomba radhi nyumbani kwao, akatuitikia bila ya kusema mengi. Darasani Alhamisi huja siku nyingine na siku nyingine haji, na akija hukaa karibu na mlango. Wiki iliyopita alifungua msahafu kwa hiari yake akasoma nusu ya ukurasa katika Sura ya Yusuf, akakwama, akaufunga. Hapana aliyemtamkia neno. Babake alimpa kikombe cha kahawa, naye akakipokea.

Wabillahi tawfiq.